Jina la Theodori Kifuani

Mbingu,
22 Juni 2020

Shemeji Evod,

Salamu kutoka nyumba hii. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanichekesha, na nikishacheka nitasahau nilichotaka kuuliza. Tangu msiba umenifanyia hivyo mara mbili. Kwenye karatasi utani wako nitaupitishia kalamu nyekundu kama wa darasa la sita, halafu nibaki na jibu. Barua nampa konda wa basi la Mlimba, majibu mpe huyohuyo.

Jumanne iliyopita alipita hapa mama mmoja wa Mofu, anaitwa Sikitu, anauza mchele mpya. Alipojua mimi ni nani alifungua mdomo, akanionyesha pengo nyuma kushoto, bado bichi. Akasema, "Mwalimu, mumeo ana mkono mwepesi. Kaning'oa gego wala sikusikia." Nikamwuliza lini. Akasema Jumamosi. Nikamwambia, mama, mume wangu nimemzika tarehe ishirini na moja mwezi wa tano. Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Jina lilikuwa kifuani," akasema. "Na nilimwita, akaitika."

Nikajisemea ni sindano ya ganzi imempanda kichwani. Lakini jana akaja Jeremia, yule Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya mto, na dumu la maziwa. Eti kwa ajili ya mke wa daktari, kwa shukrani. "Amepungua kidogo urefu," akaniambia, "lakini nasikia ugonjwa huu unapunguza watu."

Shemeji, umefanya kazi na Theodori hapo kliniki ya meno miaka kumi na moja. Siku ya mazishi niliwekwa nyuma ya kamba pamoja na kaka yake, Stanislaus, hatua thelathini kutoka kaburini. Walikuja watu sita waliovaa meupe toka utosini hadi viatuni, hawana sura, wakashusha sanduku ambalo sikuliona likifunguliwa hata mara moja. Aliyekuwa ndani sikumwona. Waliombeba nao sikuwaona.

Nina swali moja. Nani anafanya kazi hapo kwa jina la mume wangu?

Mwalimu Paulina


Ifakara,
27 Juni 2020

Shemeji Mwalimu,

Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu, nadhani konda aliisafirisha pamoja na mboga za mkewe. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Shemeji, hebu fikiria sisi tulivyo siku hizi. Kofia, miwani, barakoa mbili, ngao ya plastiki usoni, glovu, gauni refu la kitambaa cha koti la mvua alilotushonea fundi Fulgensi pale sokoni. Kazi yetu ni kuinamia midomo ya watu iliyo wazi, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kuvutia pumzi wakati huu. Basi tunajifunika mpaka tunapotea. Mimi nilivyo kibonge, ukinifunga humo nafanana na gunia la mpunga lililosimamishwa. Juzi nilipita mbele ya kioo cha dirisha nikajikaribisha kiti.

Watoto walikuwa wanalia wakiona watu wasio na sura. Ndipo Rosemery, muuguzi wetu, akachukua maka, ile kalamu nene ya wino, akatuandika majina vifuani kwa herufi kubwa, TABIBU EVOD, TABIBU THEODORI, ili mtu ajue nani anamng'oa. Sasa mgonjwa mwenye maumivu, macho yamejaa machozi, unategemea asome vizuri? Watu wanachanganya, Shemeji. Ndiyo hivyo tu.

Kula, ulale. Na nikuambie ukweli wa moyoni: Theodori hajatoka kabisa hapa. Kila siku tuko naye.

Shemeji yako,
Evod


Mbingu,
4 Julai 2020

Shemeji Evod,

Utani wote nimeukata. Yamebaki maneno haya: hajatoka kabisa hapa, kila siku tuko naye. Nimeyasoma mpaka karatasi imelegea pale inapokunjwa.

Kama ulikuwa na maana nyingine ungeniandikia nyingine. Wewe ni mtu mzima, una miaka hamsini na moja, unajua unayemwandikia amefiwa.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata Stanislaus. Jumamosi ya mwisho Theodori alikuja nyumbani kutoka kazini. Nilikuwa nimeshasikia habari za redio, nina watoto wawili na mama yangu mzee ndani. Nilimtolea beseni, sabuni, nguo safi na chakula, nikaviweka uani, nikafunga mlango. Nikamwambia kupitia dirishani ajisafishe, ale, alale jikoni, ndani asiingie. Hakubisha. Unamjua, si mtu wa kubisha. Asubuhi nilikuta vyombo vimeoshwa na blanketi limekunjwa. Siku tatu baadaye wakanipigia simu kwamba alilazwa huko, na amefariki.

Kwa hiyo mtu akiniambia anaonekana Ifakara, anang'oa meno, anaitika akiitwa, mimi sishangai sana. Nafikiri amenisusa. Nafikiri kulikuwa na mkanganyiko huko wodini, watu wote wamefunikwa, jina la huyu likaandikwa kwa yule, na yeye alipopona akaona heri abaki kazini kuliko kurudi kwenye nyumba iliyomfungia mlango.

Mwambie mlango uko wazi. Nimevua nguo nyeusi. Mama yangu amelia, lakini nimevua.

Stanislaus anasema kama nina shaka twende kwa mtendaji wa kijiji, tuombe kaburi lifunguliwe. Ameshazungumza na vijana wa kuchimba. Nimemwambia tusubiri kwanza barua yako.

Paulina


Ifakara,
8 Julai 2020

Shemeji,

Tafadhali, kaburi lisiguswe. Theodori yumo. Aliyefungwa zipu kwenye mfuko wa maiti nilimwona mimi, kupitia kioo cha mlango wa wodi. Ilikuwa sura yake na ile ndevu moja aliyokuwa anaisahau chini ya kidevu. Amekufa, Shemeji. Nilipaswa kukuandikia hivi tarehe ishirini na saba.

Anayefanya kazi hapa kwa jina lake ni mimi.

Magauni yalikuwa matatu: langu, lake na la Rosemery. Wiki moja baada ya mazishi niliinama kwenye gego la chini la mzee mmoja wa kijiji cha Kisawasawa, langu likapasuka mgongoni toka shingoni mpaka kiunoni. Nilisikia upepo mahali ambapo tabibu hapaswi kusikia upepo. Fulgensi akasema kitambaa kimekwisha, barabara imeharibiwa na mafuriko, nisubiri. La Rosemery lingenitosha mkono mmoja. Likabaki la Theodori, limefuliwa kwa klorini, liko kwenye kamba. Nilisema nitalivaa siku hiyo tu. Jina sikulikata, Rosemery aliliandika kwa ile maka isiyotoka, na kitambaa kingetoboka.

Mgonjwa wa kwanza aliingia akasema, "Shikamoo daktari Theodori, Mungu ni mwema, tulisikia unaumwa." Tayari nilikuwa na koleo mkononi. Nikajiuliza, huyu mama ameacha mpunga shambani, ametembea toka alfajiri, mdomo uko wazi, nimwambie sasa hivi kwamba anayemsalimia yuko kaburini? Nikasema, "Marahaba." Akatulia kabisa. Jino likatoka kama mbegu ya papai.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitakudanganya kwamba ilikuwa huruma tu. Kwangu wagonjwa hukamata mikono ya kiti. Mmoja aliwahi kuning'ata. Kwa Theodori walikuwa wanalegea. Sikuwahi kujua inakuwaje mtu akulegezee taya lake hivyo, na nikiwa nimevaa lile gauni walinilegezea. Kesho yake langu lilikuwa halijashonwa. Kesho kutwa sikuuliza.

Kuna na mengine, nayaandika kwa sababu nimeanza kusema. Theodori aliacha miadi. Watu wanakuja na kadi zenye mwandiko wake, arudi tarehe kumi na saba Juni, arudi tarehe mbili Julai. Mtu amezikwa Mei lakini ana wagonjwa mpaka Agosti. Wanakaa kwenye benchi wakimsubiri, naye anatoka. Halafu ile tabia yake ya kumgonga mgonjwa shavuni kwa kidole gumba, mara mbili, kabla ya kuanza: Rosemery aliniambia nami nagonga hivyo. Nikamwambia sigongi. Akaniambia nitazame mkono wangu, na nilipoutazama ulikuwa unagonga.

Na Jumatano moja nilimwuliza mgonjwa kama binti yake Teddy ameshajifungua. Alifurahi sana. Amejifungua, wa kiume. Baadaye nilikaa chooni nikijiuliza jina la Teddy nimelitoa wapi. Rosemery anasema huenda nilimsikia Theodori akilitaja siku za nyuma. Huenda.

Ukiniita mjinga utakuwa umenipunguzia. Gauni nimelivua leo. Nisamehe kama utaweza, na kama hutaweza nitaelewa.

Evod


Mbingu,
15 Julai 2020

Evod,

Nimeisoma mara moja na sitairudia.

Stanislaus nimemwambia asiende kwa mtendaji. Alitaka kuja huko kwako na fimbo, nikamzuia. Nguo nyeusi nimerudia. Mama yangu alizipiga pasi tu.

Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa na mume. Nilimpikia. Hayo ndiyo uliyonifanyia, uyajue.

Sitaki pole. Nataka jambo moja, na hili hutalifanyia utani. Jumamosi tarehe ishirini na tano, saa kumi jioni, njoo hapa kwangu. Shuka kwenye basi na nguo zako, kisha nyuma ya shule uvae kila kitu: gauni lile lile, kofia, miwani, barakoa, ngao, glovu. Uje hivyo mpaka uani. Utakuta kiti. Ukae.

Usiseme neno. Sauti yako ni ya Bukoba, itaharibu. Usiitike, usitikise kichwa, usininyooshee mkono. Mimi nitakaa mbele yako na nitasema ninayotaka kuyasema, nitayasema kwa Kindamba, lugha yetu ya nyumbani, ili usiyachukue ukaenda nayo. Nikimaliza nitasimama, nawe utaondoka.

Watoto watakuwa kwa shangazi yao.

Ulilivaa kwa ajili ya watu wa Mofu na Kisawasawa. Nami utanivalia.

Paulina


Ifakara,
28 Julai 2020

Shemeji Mwalimu,

Nimefika salama, ingawa basini hakuna aliyekaa karibu nami. Nilikuwa nimeshavua kila kitu, lakini nadhani nilikuwa bado na sura ya mtu aliyevaa.

Hukuniambia nisiandike, kwa hiyo naandika, na safari hii nitakuwa mfupi. Nilifanya kama ulivyoagiza. Toka nilipokaa mpaka uliposimama sikutikisa mkono wala kichwa. Nzi alitua kwenye ngao, akatembea mbele ya jicho langu la kulia, nikamwacha. Mbuzi wako alikuja, akanitazama, akaondoka akitembea kinyumenyume, jambo ambalo sikujua mbuzi wanaliweza. Sikuelewa neno hata moja. Miaka kumi na moja katika bonde hili, na Kindamba ninachokijua ni cha kuagiza samaki.

Kuna kitu kimoja lazima nikiri. Joto la mle ndani unalijua kwa kusikia tu. Jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta, ngao inapata ukungu, mtu aliye mbele yako anakuwa kivuli chenye sauti. Katikati hapo kuna kipande sikikumbuki. Nilikusikia ukisema kitu, polepole, halafu nikashtuka umeshanyamaza na jua limesogea mpaka kwenye ukuta wa jiko. Nadhani nilisinzia, Shemeji. Umemwita mtu aje asikilize mambo ya moyo wako, akasinzia. Ni mimi huyo.

Nimewaambia wagonjwa ukweli. Jana nilisimama mbele ya benchi, nimevaa gauni langu jipya lenye jina langu, kwa sababu kitambaa cha Fulgensi hatimaye kimefika, nikasema: Tabibu Theodori alifariki mwezi wa tano, mliyemwona ni mimi. Nilitegemea kelele. Mzee mmoja wa Mofu, Maximilian, akainua mkono.

"Tulijua amekufa," akasema. "Habari za mazishi zilifika Mofu tangu mwezi wa sita."

Nikamwuliza, kama mlijua, kwa nini mliendelea kumwita jina lake?

"Tulifikiri ni wewe usiyejua," akasema. "Tulidhani wewe ndiye Theodori, hujaambiwa kwamba umekufa. Tukaona aibu kukwambia, na kazi ulikuwa unaifanya vizuri."

Benchi zima lilikuwa linaitikia kwa kichwa. Rosemery alikwenda nje. Nami nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kwa sababu kilikuwa karibu.

Leo wamekuja wanne tu, na wawili wamenikamata mikono.

Evod


Mbingu,
2 Agosti 2020

Shemeji,

Nakushukuru kwa kuja. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia ukifika, lakini ulipotokea kwenye kona ya shule nilishindwa. Gauni lilikuwa linaburuta vumbi. Nilijua ni wewe kwa kitambi na kwa mwendo, sikudanganyika hata dakika moja, na nilitaka ujue hivyo.

Nilimwambia mengi. Habari za shule kufunguliwa. Habari za mpunga, kwamba tumevuna magunia machache kwa sababu ya maji. Nilimwomba radhi kwa mlango. Halafu nikamwuliza kitu ambacho sijamwandikia mtu na hata wewe sikukuandikia.

Ile Jumamosi, alipokuwa uani anaoga, anakula, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Sikukaa wala sikwenda kulala. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo muda wote, nikimsikia akitafuna. Sikufungua, na sikusema chochote. Nilimwuliza: ulijua kwamba nimesimama pale?

Nilimwuliza kwa Kindamba makusudi. Nilichagua lugha usiyoijua ili nisijibiwe.

Unasema ulisinzia. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, Shemeji, watoto themanini darasani, mchana wa joto. Kichwa cha mtu anayesinzia nakijua. Huanguka, halafu hushtuka. Hiki, nilipomaliza kuuliza, kiliinama taratibu mpaka ngao ikagusa kifua, kikakaa, kikainuka taratibu.

Usiniandikie tena juu ya hili. Tarehe saba Agosti mama yangu ana miadi hapo kwenu, kadi ni ya mwandiko wa Theodori. Nitamleta mwenyewe. Umng'oe wewe, kwa jina lako, na umwambie kabla hujaanza kwamba ni wewe.

Paulina